Msikilize DJ anaponyamaza

Juzi nilipita duka moja la kupakia muvi hapa Kulamawe, Isiolo, nikakuta vijana wanamsifu DJ mtafsiri wa filamu kwa kuwa "hapumui". Filamu ilikuwa Sholay ya 1975. Tangu treni inapoingia stesheni mwanzoni hadi zaidi ya saa 3 baadaye, mtu huyo hakufunga mdomo. Wakaniambia, "Mzee, huyu ndiye mkali." Imeniuma. Kuropoka bila kupumua ni kazi ya dalali wa mbuzi siku ya soko. Kutafsiri filamu ni kazi nyingine, na ina vipimo vyake.

Asiyeijua sanaa hii husikiliza maneno: vichekesho, sauti nzito, majina ya mitaa yetu anayobandikwa adui. Mimi husikiliza kinachobaki DJ anapofunga mdomo. Fundi huishusha sauti ya filamu kidogo tu, anasema lake, kisha anairudisha kabla farasi hajafika mlangoni, ili kwato uzisikie mwenyewe. Mkono wake hautoki kwenye miksa. Asiyejua kazi huizima sauti kabisa, akaweka biti yake inayozunguka ile ile, na akinyamaza unasikia biti. Hapo filamu imeshakufa, unatazama picha tu.

Kipimo changu kimo ndani ya Sholay yenyewe. Jai, yaani Amitabh Bachchan, ameketi nje usiku anapuliza kinanda cha mdomo. Ng'ambo, kwenye baraza la nyumba, Radha aliyefiwa na mume anazima taa moja baada ya nyingine. Amevaa nyeupe. Hakuna neno linalosemwa. Ile tuni fupi ya R. D. Burman inabeba yote: mwanamume anapenda, mjane amejua, na mila imekaa katikati yao. Hapa Isiolo hakuna Mborana, Msomali, Mmeru wala Mturkana anayehitaji kuelezwa macho ya majirani humtazama vipi mjane. DJ wa juzi aliijaza nafasi hiyo kwa mzaha wa bili ya stima. Vijana wakacheka. Radha akazima taa ya mwisho na hakuna aliyemwona.

Halafu kuna sarafu. Jai huirusha kila yeye na rafiki yake Veeru wanapotaka kuamua jambo. Pande zake mbili ni sawa, na Veeru hulijua hilo Jai akishakufa. DJ mbovu hulifichua mapema ili aonekane mjuaji. Nakumbuka fundi mmoja wa zamani aliyetafsiri papo hapo kwa maikrofoni katika banda la video, mabati juu, magunia madirishani, jenereta ikinguruma nyuma. Kila sarafu iliporushwa alisema neno moja, "Kichwa," basi. Jai alipopigwa risasi mtoto akapaza sauti kutoka benchi la mbele, "DJ, stelingi hafi!" Fundi hakumjibu. Veeru alipoishika ile sarafu, fundi alisema, "Kichwa." Akangoja. Veeru akaigeuza. "Kichwa." Banda zima, pamoja na wazee waliokuwa wakitafuna miraa pale nyuma, likaelewa mara moja kwamba Jai alijichagulia mwenyewe kubaki afe.

Nyimbo zina sheria yake. Kwenye sinema ya Kihindi unayemwona siye anayeimba: urafiki wa Jai na Veeru juu ya pikipiki umeimbwa na Kishore Kumar na Manna Dey. Maana ya wimbo hutolewa kwa sentensi mbili kabla haujaanza. Ukishaanza, DJ anyamaze hadi uishe. Anayeongea juu ya sauti ya Lata Mangeshkar asinunuliwe tena, hata kama amepatia mengine yote. Tena filamu ya Kihindi haitafsiriwi kwa Sheng tupu, na mwanamke haigizwi kwa kubana pua. Jina lake DJ alitaje mwanzo na mwisho tu.

Matapeli wapo. Mmoja huchukua kazi ya mwenzake, akakata jina na kubandika lake. Utamnasa kwenye maungio, kwani sauti ya filamu huruka na jina jipya lina mwangwi wa chumba kingine. Mwingine hurekodi kabla hajaitazama filamu. Anasema, "Sasa anaingia," na mtu anatoka.

Kutojua Kihindi, kwangu, si kosa. Lufufu wa Dar es Salaam, aliyevuma enzi za kanda za VHS, aliongeza maelezo yake mwenyewe kwa wingi, na bado hadithi ilisimama. DJ Afro wa hapa Kenya ana kasi, lakini ni kasi ya msimuliaji. Hata kelele zina mahali pake: VJ Emmie wa Kampala hapumziki katika Who Killed Captain Alex ya 2010, na filamu yenyewe ni ya fujo, inamtaka hivyo. Wajapani nao walikuwa na benshi, wasimulizi wa filamu zisizo na sauti, waliosimama kando ya pazia. Hao walikuwa na pengo la kujaza. Sholay haina pengo.

Mafundi wa mabandani walitufaa zaidi kwa sababu walituona. Benchi likitulia, fundi alijua watu wameshikwa, akawaacha. Wa leo anarekodi peke yake chumbani, na kimya kinamtisha.

Kwa hiyo, kijana, kabla hujalipia Sholay yoyote, mwambie mwenye duka aipeleke mbele hadi Jai aanze kupuliza kinanda chake. DJ akifungua mdomo hapo, usilipe.