Ufundi wa Kulipanga Giza

Musoma, mkoani Mara, huhitaji kalenda kujua mwezi umefikia wapi. Simama ufukweni magharibi. Siku za giza mitumbwi ya dagaa hutoka na taa zake. Mwezi ukikaribia kupevuka, mingi hubaki imevutwa nchi kavu, kwa maana dagaa huifuata taa pale tu inapokuwa ndiyo nuru kubwa kuliko zote majini. Mbalamwezi ikishatanda ziwa zima, taa ya mvuvi haiiti kitu.

Hesabu hiyohiyo ya giza wanaiishi watu wanaotafuta supanova za mbali, yaani milipuko ya nyota zinazokufa. Zinazowindwa zaidi ni za aina ya Ia, zinazotokana na nyota kibete nyeupe. Mng'aro wake halisi haupishani sana, na tofauti ndogo iliyopo husahihishika, kwa hiyo ukipima ufifi wa mojawapo unajua umbali wake. Tabu ni kuipata. Katika galaksi moja hulipuka chache tu kwa miaka elfu, wala hazitoi taarifa. Na usiku wa darubini kubwa hugawiwa na kamati miezi mingi kabla. Utaombaje usiku wa Machi kwa ajili ya nyota ambayo hakuna aliyeiona ikilipuka?

Watafiti wa Denmaki walijaribu kwa uvumilivu mtupu. Walitumia darubini ya mita 1.5 huko La Silla, Chile, na baada ya miaka kama miwili, mwaka 1988, wakaipata moja ya Ia, tena ikiwa imekwisha kupita kilele chake. Nawaheshimu sana watu hao, kwani walionyesha kwamba inawezekana. Lakini hakuna kamati ambayo ingegawa usiku kwa mwendo ule.

Kundi la Saul Perlmutter, huko Berkeley, Marekani, ndilo lililogeuza bahati kuwa ratiba. Siku chache baada ya mwezi mpya walipiga picha za maelfu ya galaksi kwa mkupuo. Wakangoja kama wiki tatu. Kabla tu ya mwezi mpya uliofuata walirudia anga ileile, kisha kompyuta ikatoa picha ya kwanza katika ya pili. Nukta iliyosalia huenda ikawa supanova, na kwa kuwa Ia huchukua wiki kama tatu kupanda hadi kilele, ingekutwa bado inapanda. Mbele yake kuna usiku kadhaa usio na mwezi, ambao darubini ya Keck, Hawaii, imekwisha kuombwa. Hawakujua nyota gani italipuka, ila katika galaksi nyingi kiasi hicho walijua zitakuwepo.

Mpango huo nausifu kuliko hata matokeo yake, ingawa matokeo yenyewe yalitikisa fizikia: mwaka 1998 kundi hilo na lile la Brian Schmidt na Adam Riess yaligundua kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Mwaka 2011 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Mpangaji ana hesabu nyingine pia. Nyota ikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo, nuru yake hupita katika hewa mara mbili ya ile ya nyota iliyo utosini. Darubini ya SALT, Sutherland, Afrika Kusini, inadai zaidi: kioo chake kikuu, kilichoundwa kwa vioo 91, kimeinamishwa kwa pembe moja isiyobadilika. Kinaweza kuzungushwa, hakiwezi kuinuliwa. Kila nyota hupita mbele yake kwa muda mfupi, na asiyeujua muda huo kabla ya jua kuzama ameupoteza.

Mkoa wa Mara umekaa mahali ambapo mpangaji angepachagua. Musoma iko kama nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga yote hupita juu yake. Supanova ya mwaka 1987, iliyotokea katika Wingu Kubwa la Magellan, Musoma ingeonekana kusini, nyuzi kama 22 juu ya upeo. Ile ya galaksi ya M101, aliyoigundua Koichi Itagaki wa Japani tarehe 19 Mei 2023, siku ya mwezi mpya, ilipanda kaskazini hadi nyuzi kama 34 ilipokaribia saa tano usiku. Kule La Silla haikufika hata nyuzi kumi. Kinachotuzuia ni mawingu. Masika huendelea hadi Mei, na ziwa lina radi zake za usiku. Kiangazi, Juni hadi Septemba, ndicho cha kutegemea.

Za mbali kabisa zinahitaji vioo vya mita nyingi, lakini ufundi ni uleule kwa mwalimu wa Bunda au Butiama mwenye darubini ndogo na kamera. Ningemwanzisha na galaksi ya M83, iliyoonekana na supanova sita tangu mwaka 1923. Katikati ya Juni hufika juu kabisa saa tatu kasoro usiku, kusini, nyuzi kama 62. Apige picha siku chache baada ya mwezi mpya, atie alama tarehe ya wiki tatu mbele, na usiku huo asikubali mwaliko wowote.