Fundi wa Mita na Fundi wa Moto

Mashine ya gemu iliyotoka kwa fundi ikawaka bado haijathibitisha kitu. Hata iliyofanyiwa kazi mbovu huwaka: inakaa kaunta dakika kumi, picha inaonekana, pesa inahesabiwa, mwenyewe anaondoka akishukuru. Kazi ya umeme haipimwi kwa taa ya mbele. Inapimwa kwenye bodi, na zaidi inapimwa kwa yale aliyoyafanya fundi kabla hajashika pasi ya kulehemu. Hilo ndilo nitakaloshikilia humu, iwe kazi umeifanya mwenyewe juu ya meza ya chakula au umeipeleka Kariakoo au Luthuli Avenue.

Nachukua PlayStation 4 iwe mfano. Ilitoka mwishoni mwa 2013, kwa hiyo nyingi zilizomo majumbani mwetu na kwenye mabanda ya gemu zimeshazeeka, zimepita mikono mingi, na maradhi yake yanajulikana. Jambo moja tushukuru: pawa saplai yake inapokea umeme wa volti 100 hadi 240 bila kuuliza umetoka wapi. Enzi za PlayStation 2 ya mwanzo, mashine iliyotoka Japani, ambako umeme ni volti 100, ilichomekwa kwenye soketi ya hapa mara moja tu, ikawa basi.

Fundi wa kweli huanza kwa maswali, tena ya kukera. Ilizima yenyewe au umeme ulikatika? Uliporudi, ilikuwa bado imechomekwa? Inalia mara moja au mara tatu? Nani ameifungua kabla yangu? Hilo la mwisho lina thamani kuliko yote, na ndilo wateja wanalolijibu kwa uongo.

Halafu anaitazama taa. Ya bluu ikigeuka nyeupe huku televisheni ikibaki nyeusi, mashine ni hai; tafuta upande wa picha. Ya bluu ikipigapiga kisha ikazima, hiyo ni njia nyingine kabisa. Atabadilisha waya wa HDMI, atajaribu televisheni nyingine, atabana kitufe cha kuwashia kama sekunde saba mpaka mlio wa pili ili mashine iingie katika hali salama. Picha ikitokea humo, huenda kilichoharibika ni mpangilio wa picha tu, na hakuna skrubu ya kufungua. Fundi wa moto, yule anayekimbilia hewa ya moto kabla ya kupima, hapiti huko. Yeye ameshasema "ni chipu" wakati wewe bado unaitoa mashine kwenye mfuko.

Upande wa pawa saplai maneno yangu ni machache, kwa kuwa ndani yake mna kapasita kubwa inayobeba zaidi ya volti 300, na huendelea kuzibeba hata waya ukishachomolewa. Mjuzi huikausha taratibu kupitia rezista, kisha hupima kuhakikisha imekauka. Anayeigusisha bisibisi na kufurahia cheche, mnyang'anye bisibisi. Fyuzi ya kioo ukiikuta imekatika, isome kabla ya kuitupa. Uzi uliokatika katikati huku kioo kikiwa safi ni wa fyuzi iliyochoka au iliyozidiwa kidogo. Kioo kilichopakwa weusi au rangi ya fedha kinakwambia shoti ilikuwa kubwa, na ukiweka fyuzi mpya bila kumtafuta aliyeiua utaiunguza nayo papo hapo. Fyuzi iliyozungushiwa waya wa shaba haihitaji maelezo. Funga mashine, tafuta mtu mwingine. Na kama hujawahi kufanya kazi ya umeme mkubwa, badilisha pawa saplai nzima, hakuna aibu. Angalia tu namba ya modeli, maana matoleo yanatofautiana viunganishi. Kuhusu mende: mafundi wa Pwani wanawajua vizuri. Wanafuata joto, wanaingia kwenye matundu ya hewa, wanafia juu ya pini zenye umeme. Pawa saplai ikibadilishwa na kiota kikaachwa, kazi haijafanyika.

Tuingie kwenye bodi, maana hapa ndipo ujuzi unapoonekana. Chukua mashine inayotoa sauti ndogo ya "tik" na kufa. Pawa saplai imejaribu kusukuma volti 12, imekuta njia iko wazi mpaka ardhini, imejikata ili ijiokoe. Fundi anaitoa, anaweka mita kwenye ohmu, anapima laini ya volti 12 ya bodi yenyewe. Ikisoma karibu na sifuri, ipo shoti.

Kwenye laini hiyo moja kumepangwa kapasita nyingi ndogo za kauri, zote kati ya laini na ardhi. Moja ikipasuka kwa ndani, zote husoma sifuri ukizipima, kwa sababu zimeshikana waya mmoja. Fundi wa moto huanza kuzing'oa moja moja akibahatisha, au huielekezea bodi nzima hewa ya moto. Fundi wa mita, anayepima kwanza, huleta umeme wa mezani unaorekebishwa volti na mkondo, anauweka volti 1 tu, mkondo ameuwekea kikomo, anaupitisha kwenye laini ile. Volti 1 haitoshi kudhuru kifaa kizima kinachofanyia kazi volti 12, lakini mkondo wote unakimbilia palipopasuka na kugeuka joto hapo. Kisha anapaka spiriti juu ya eneo zima kwa brashi, anainama, anangoja. Bodi yote inang'aa majimaji. Ghafla doa dogo linakauka, si kubwa kuliko punje ya mchele, wakati jirani zake bado wamelowa. Ndiyo hiyo. Anaishika kwa kibano, anaiyeyusha risasi yake ya kulehemu, anaitoa, anapima tena, na laini imepanda. Hakuna chipu iliyoguswa.

Bado kazi haijaisha, kwani sasa anauliza kwa nini ilipasuka. Je, skrubu ilikazwa kupita kiasi bodi ikapinda? Na mara nyingine kilichopata shoti si kapasita bali transista inayoshusha volti 12 kwenda chini. Ikiwa ni transista ya upande wa juu, huenda volti 12 zilipita moja kwa moja mpaka kwenye chipu kuu, ambayo hula volti 1 hivi. Hapo hata ukiibadilisha, unaiwekea maiti viatu. Anayelijua hili hukwambia mapema, kabla hajakutoza.

Kuna mtego wa wageni ambao ni kipimo kizuri cha fundi. Laini inayolisha chipu kuu husoma ohmu chache mno hata mashine ikiwa nzima, kwa kuwa chipu yenyewe ina mabilioni ya transista zinazokunywa umeme kwa pamoja. Asiyejua anapima, anaona namba ndogo, anatangaza shoti. Muulize anailinganisha na nini. Mjuzi atakuwa na bodi nzima ya modeli ileile pembeni, au daftari la vipimo alivyochukua kwenye bodi nzima. Daftari hilo ukiliona, chafu, kurasa zimeliwa na flaksi, ile dawa ya kulehemu, tulia; umefika kwenyewe.

Kazi inayofanywa zaidi kuliko zote ni tundu la HDMI, na uzuri wake ni kwamba hata asiye fundi anaweza kuikagua kwa macho. Mtu anavuta mashine waya ukiwa ndani, tundu linang'oka, mara nyingine linaondoka na shaba ya bodi. Lina pini 19, nyembamba, zimebanana. Chukua lenzi au kamera ya simu uikuze. Pini zilizolehemiwa vizuri zimenyooka zote kwa mstari, risasi imepanda kwenye kisigino cha kila pini ikatengeneza mteremko mwororo, hakuna daraja kati ya pini na pini. Miguu minne ya chuma inayoshikilia tundu imejaa risasi mpaka upande wa pili wa bodi. Hiyo ndiyo inayobeba nguvu ya mkono wa mtoto anapochomeka, si zile pini. Kisha tazama majirani. Plastiki ya tundu la USB imejikunja? Bodi imegeuka kahawia? Kuna vidoa vitupu ambavyo kifaa kimeruka kikaenda? Hizo ni alama za joto lililokaa mno.

Joto hukaa mno kwa sababu inayoeleweka. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi halisi katika vyombo vingi vya elektroniki, na viwanda vikahamia mchanganyiko wa bati usio nayo. Huo wa kiwandani huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi. Wa zamani wenye risasi huyeyuka kwenye 183. Juu ya hapo, bodi ya gemu ina tabaka pana za shaba zinazonyonya joto na kulisambaza. Mjuzi hulehemu kwanza mchanganyiko wa zamani juu ya ule wa kiwandani, ichanganyike, kiwango cha kuyeyuka kishuke. Anaipasha bodi kwa chini. Halafu tundu linatoka bila kuvutwa. Mwenye haraka anavuta, na shaba inafuata.

Swali la kumuuliza: ulipima nini kabla ya kuweka jipya? HDMI ina jozi nne za waya za mwendo kasi, yaani njia nane. Mita ikiwa kwenye dayodi, njia hizo zinatakiwa zisome namba zinazokaribiana sana. Moja isiyosoma chochote ina shaba iliyokatika au kichujio kidogo kilichofunguka nyuma ya tundu. Moja inayosoma sifuri inaelekeza kidole kwenye chipu ya picha. Ukiweka tundu jipya mbele ya chipu iliyokufa, umeuza tundu tu. Na ukikuta uzi mwembamba wa shaba umeunganisha mahali palipochanika, usikasirike. Kama ni mfupi, umefuata njia ya awali, umefunikwa na rangi ya kukinga, hiyo ni kazi ya mtu mwenye mkono. Ukikuta umezunguka kona mbili, tegemea picha yenye vumbi la nyota.

Usafi unatosha kwa maneno mawili: flaksi iliyoachwa. Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ina chumvi na unyevu, na mabaki yale yakikaa nayo yanaota kijani juu ya shaba. Spiriti na mswaki, dakika tano.

Sasa moto wenyewe. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kurefusha dhamana ya Xbox 360 hadi miaka mitatu kwa mashine zilizowaka taa nyekundu, na ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Kwa wapenzi wa gemu majumbani, mwaka ule na iliyofuata ilikuwa miaka ya taulo na majiko: watu walizifunika Xbox zipate joto, wakazioka bodi kwenye oveni, na za PlayStation 3 vilevile. Zilifufuka. Baada ya siku au wiki zilikufa tena, kwa sababu joto lilitanua maungio yaliyopasuka chini na ndani ya chipu yakagusana kwa muda, halikuunganisha kitu. Mbinu hiyo haijafa. Fundi akikwambia "nimeipasha chipu", amekununulia muda. Si dhambi, mradi aseme hivyo na bei ifanane nayo. Muda huo unaweza kukutosha kuhamisha ulichohifadhi. Kukutoza bei ya matengenezo ndiyo tatizo.

Kuhusu majaribio, menyu haipimi mashine. Mwambie aweke gemu zito, kifuniko kimefungwa, saa nzima au mbili, ndani ya joto la chumba chenu. Kisha azime, aache ipoe kabisa, awashe tena. Maungio yaliyopasuka hupenda kujificha wakati wa moto na kujitokeza kwenye baridi, au kinyume chake, na mzunguko huo mmoja unafichua kuliko siku nzima ya kucheza mfululizo.

Unapoichukua, dai kifaa kilichotolewa. Kwenye PS4 za matoleo ya mwanzo dai pia kitu ambacho wengi hawakijui: bodi ndogo ya sehemu ya diski, iliyooanishwa na bodi kuu ya mashine yako. Ikibadilishwa na ya mashine nyingine, kwa wizi au kwa uzembe, diski haitasomwa tena, na hutajua mpaka ufike nyumbani kama gemu la majaribio lilikuwa limepakiwa ndani. Kwa hiyo jaribu diski palepale.

Na fundi bora atakuuliza kuhusu soketi yako. PS4 ya kawaida hutumia waya wa pini mbili usio na ardhi, ndiyo maana ukigusa chuma cha tundu lake huku imechomekwa unaweza kuhisi mtekenyo; ni umeme kidogo unaovuja kupitia vichujio vya pawa saplai. Hautakuua, lakini ukichomeka HDMI wakati mashine na televisheni zote zina umeme, tofauti hiyo inaweza kurukia chipu ya picha. Unganisha waya wa picha kwanza, umeme baadaye. Frijigadi ya kawaida nayo inafaa PlayStation kama inavyofaa friji: umeme ukirudi, inangoja dakika kadhaa utulie ndipo iufungulie. Ukiinunua, soma nyuma yake imeandikwa ampea ngapi, na usiichomekee pasi ya nguo hapohapo.