Kitabu cha Bustani Kipimwe Bustanini

Wapo wasemao kwamba maua ni mambo ya matajiri, na kwamba shamba dogo lisipoteze hata hatua moja kwa kitu kisicholiwa. Tusiwacheke. Katika vilima vya Kayna na Kirumba ardhi ni haba na watoto ni wengi. Lakini hata mama mwenye shamba dogo kabisa hupenda kuliachia ua kipande karibu na mlango. Basi huyo akitaka kitabu cha kumwongoza, tumpe kipi?

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya, navyo humwambia msomaji apande wakati theluji inapoyeyuka. Kwetu, karibu na Ikweta, mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na mkulima huhesabu mvua, hahesabu theluji. Tulipu, kwa mfano, hutaka kwanza majuma mengi ya baridi kali ardhini. Ubaridi wa usiku wa milimani hautoshi. Anayefuata kitabu hicho atanunua vitunguu vya maua, atavizika, naye atavuna majani tu.

Kwa sababu hiyo yafaa tukisifu kitabu kimoja cha zamani, *Gardening in East Africa*, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1934, na toleo la nne mwaka 1957. Mhariri wake alikuwa daktari A. J. Jex-Blake, na walioandika pamoja naye walikuwa wanachama wa chama cha bustani cha Kenya na watumishi wa serikali za Kenya na Uganda. Sifa yake ndiyo hii: waandishi walilima hapa hapa. Nairobi nayo iko karibu na Ikweta, juu kiasi cha mita 1,700, hata shauri lake huweza kutufaa sisi wa milimani kuliko shauri la Brussels.

Hata hivyo kina upungufu mkubwa. Kiliandikwa kwa Kiingereza, na kwanza kwa ajili ya walowezi. Mikono iliyochimba bustani zao ilikuwa ya Waafrika, wala hao hawakuandikiwa. Elimu ikapita juu ya kichwa cha mwenye jembe.

Tena kitabu cha bustani kisiishie kusema ua hili lapendeza. Kiseme pia litafanya nini. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini magugumaji yalitoka Amerika ya Kusini, yakapendwa kwa maua yake ya zambarau, kisha yakatoroka mabwawani. Katika miaka ya 1950 yalienea mtoni Kongo. Katika miaka ya 1990 yaliziba ghuba za ziwa Viktoria, mitumbwi ikakwama na wavuvi wakakosa riziki. Huyo mgeni alimwuguza mwenyeji. Vivyo hivyo ule mti wenye maua makubwa yaninginiayo kama tarumbeta: ni mzuri sana, lakini una sumu tangu majani hata mbegu. Mwandishi anayeusifu bila kumwonya mwenye watoto amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzima wa mtu.

Mwisho, kitabu kijue mimea ya wenyeji. Kwa wauza maua wa Ulaya, sale ni mmea wa kupamba sebule, basi. Kwa Wachagga wa Kilimanjaro masale huonyesha mpaka wa kihamba, na jani lake huombea msamaha kati ya waliogombana. Mwandishi asiyejua hayo aweza kumshauri mtu ang'oe mpaka wa jirani yake ili apande waridi.

Basi, msomaji mpenzi, ukiletewa kitabu cha maua chenye picha za kung'aa, kiulize maneno matatu: Je, wajua mvua zetu? Je, wajua hatari ya mgeni huyu? Je, wajua jina na kazi ya mimea yetu? Kisipojibu, kitazame picha, ukirudishe. Na ninyi walimu na wakulima mnaojua kuandika, tungeni kijitabu chembamba kwa Kiswahili na Kinande. Kurasa thelathini za mtu aliyelima Lubero zitatufaa kuliko mia tatu za mtu asiyeijua.