Vidole Vinane vya Klarineti

Klarineti ina mahali pake pa kumwumbua mpigaji, napo ni katikati kabisa ya sauti zake, kati ya noti ya A na B inayoifuata. A hupigwa kwa kidole kimoja tu, cha shahada cha mkono wa kushoto, vidole vingine vyote vikiwa hewani. B inataka vidole vinane vitue kwa mpigo mmoja, kila kimoja kizibe tundu lake au kibonyeze kitufe chake bila kuacha upenyo. Kimoja kikichelewa, au kikatua upande, chombo kinakwaruza, na hata mtu asiyejua muziki atageuka kutazama.

Sababu imo kwenye umbo lenyewe. Mpiga saksafoni akibonyeza kitufe cha oktava, sauti inapanda oktava moja na vidole vinabaki na kazi zao zilezile. Klarineti ni bomba lililonyooka ambalo upande wa mdomo ni kama limezibwa, kwa hiyo sauti yake hairuki oktava. Inaruka noti 12. Sauti za chini na sauti za juu haziwezi kukutana vizuri, lazima pawepo na mshono. Fundi aliyekubuhu anaupita huo mshono usijue kama ulikuwepo. Mwanafunzi anaupigia magoti miaka.

Mimi nilianza kuuheshimu mshono huo Texas, kwa mpwa wangu anayesoma sekondari karibu na Houston, mwaka alioamua kuitafuta nafasi kwenye bendi ya kanda.

Huko jambo hili lina utaratibu wake wa siku nyingi. Chama cha walimu wa muziki wa jimbo hilo, kinachojulikana kwa kifupi TMEA, kilianzishwa 1920. Kimeligawa jimbo katika kanda, na kila kanda huchagua wapigaji bora wa shule zake, ikawaunganisha kwa siku chache na kuwafanyia onyesho. Usaili wa kanda huwa zaidi mwezi Desemba. Wanaoongoza huendelea na mchujo mwingine Januari, na wachache wa mwisho hukutana San Antonio mwezi Februari kwenye makundi ya jimbo zima. Ukijumlisha bendi, okestra na kwaya, wanaoanza safari hiyo kila mwaka ni zaidi ya 70,000. Wanaofika San Antonio hawatimii 2,000.

Nyimbo za usaili hutangazwa wakati wa likizo ya kiangazi, na kila mpiga klarineti hupewa kurasa zilezile. Mara nyingi hutoka kwenye kitabu cha Cyrille Rose, Mfaransa aliyefariki 1902, ambaye naye alichukua mazoezi ya obo ya Mjerumani Ferling akayapunguza hapa, akayarefusha pale, mpaka yakaenea kwenye klarineti. Ni muziki mtamu kwa kusikiliza na mkali kwa vidole. Rose aliujua vizuri ule mshono, na hakumwonea huruma mtu.

Nilitegemea kumkuta kijana akipiga ukurasa mzima kutoka juu hadi chini, akikosea anarudia. Nilimkuta akipiga noti mbili. A, B. A, B. Metronomu ilikuwa kwenye 60, yaani pigo moja kwa sekunde, na yeye anabadilisha noti kila mapigo manne. Baadaye akaongeza noti inayotangulia. Baadaye tena ile inayofuata. Sentensi ya muziki ambayo kwenye usaili itapita kwa kufumba na kufumbua ilimchukua jioni nzima, na kesho yake akaianza tena kuanzia mwisho kurudi nyuma, ili sehemu anayoifikia akiwa amechoka iwe ndiyo aliyoizoea zaidi.

"Mjomba, angalia mkono wa kulia," akaniambia. Nikaangalia. Alikuwa anapiga A, noti ya kidole kimoja cha kushoto, lakini vidole vya kulia vilikuwa vimeshatua mahali pake. Sauti haikubadilika, au kama ilibadilika basi ilizidi kuwa nene. Akaingia B: vidole vya kushoto tu ndivyo vilivyohama. Kumbe safari ya vidole vinane nusu yake ilikuwa imekwisha kabla haijaanza, na msikilizaji hana habari. Nimeona mafundi wengi, wa mbao na wa cherehani, na ujanja wa namna hii, wa kuiwahi kazi kabla haijakuwahi, bado unanipa raha kuutazama.

Basi kuna chombo chenyewe. Shuleni wanaanza na klarineti za plastiki, na hizo ndizo wanazotoka nazo uwanjani Ijumaa usiku kupiga gwaride kwenye mechi, maana mbao haipendi jua wala mvua. Ya ndani, ya usaili, mama yake alimnunulia ya mbao, na mbao hiyo ni mpingo. Klarineti nzuri za dunia kwa sehemu kubwa ni mpingo, na mpingo mwingi unaochongwa vyombo hivyo hutoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao wenyewe na kuuza magogo yaliyothibitishwa kuwa yamevunwa kwa utaratibu. Cheti cha kwanza cha namna hiyo walikipata 2009. Mti wenyewe unahitaji miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Ukitupa kipande chake majini kinazama. Uzito huo na ugumu huo ndio unaoruhusu tundu litobolewe kwa usahihi na libaki hivyo hivyo miaka, huku pumzi yenye unyevu ikipita kila siku.

Kubaki huko kuna masharti. Klarineti mpya ya mbao hupigwa kwa muda mfupi kila siku katika majuma ya kwanza, ikakaushwa kwa kitambaa kinachovutwa ndani ya bomba, ikapumzishwa. Ukiilazimisha inapasuka. Nilimwona kijana wa miaka 16, ambaye chumba chake hakipitiki kwa nguo, akiitenganisha klarineti vipande vyake, akifuta kila kiungo, akipuliza matone ya maji yaliyokwama chini ya vitufe. Mama yake alikuwa mlangoni, kimya, na nadhani alikuwa anawaza zile nguo.

Kinachotoa sauti hasa si mpingo, ni tete. Ulimi mwembamba wa tete hufungwa kwenye kipande cha mdomo na kutetemeka. Aina ya tete inayosifiwa zaidi hulimwa jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Zinauzwa kwa boksi, na ndani ya boksi moja mpigaji hupata nzuri mbili tatu, za wastani kadhaa, na zilizobaki ni hasara. Mpwa wangu huinua kila moja kwenye taa. Ncha inapitisha mwanga, katikati pana kivuli, na kivuli hicho kikiwa kimelala upande mmoja, tete hiyo itasumbua. Nyingine anazipunguza kwa msasa laini, mara mbili tatu, anapiga noti moja, anasikiliza, anapunguza tena. Ameziandika namba kwa penseli na anazizungusha ili zisichoke pamoja.

Siku ya usaili wazazi tulikaa bwaloni. Madarasa ya kusubiri yalijaa klarineti zikipiga ukurasa mmoja kwa miendo tofauti, kelele ya ajabu. Chumba cha usaili chenyewe kina pazia: majaji watano wako upande mmoja, mwanafunzi upande mwingine. Hatakiwi kusema neno. Akiwa na swali anamnong'oneza msimamizi. Jina halitajwi, shule haitajwi, anayo herufi au namba yake tu.

Pwani yetu nayo iliyajua mashindano ya bendi. Enzi za ngoma ya beni, Mombasa ilikuwa na makundi ya Kingi na Sukochi, vijana wakishindana kwa sare, gwaride na tarumbeta, na hakimu alikuwa mtaa mzima uliojipanga barabarani kuona nani kapendeza. Ningeyapenda hayo pia. Lakini kwa kazi ya ndani ya kidole, ya noti mbili, pazia linafaa zaidi. Jaji aliyesikia mstari uleule mara arobaini asubuhi hiyo hababaishwi na chochote, na anachobaki kukitofautisha ni pumzi, mapigo na mshono.

Sisemi utaratibu huu hauna dosari. Nyuma ya pazia huonekani, lakini mwalimu wa binafsi wa kila wiki anasikika, na si kila familia inaweza kumlipa. Shule yenye vyombo vizuri inasikika vilevile. Tena kuna hatari ya kijana kuishi miezi mitano na kurasa chache mpaka akasahau kwamba kuna muziki mwingine. Walimu wenyewe wanalijua hilo na wanabishana juu yake.

Mpwa wangu alipata. Aliwekwa klarineti ya tatu, safu ya nyuma, na mchujo wa Januari haukumhusu. Nilidhani atanuna.

Waliochaguliwa walipokusanyika, chini ya kondakta mgeni asiyemjua hata mmoja wao, walipewa kazi moja ya Gustav Holst aliyoitunga 1909, ambayo mwanzoni wimbo wake unaanzia kwa tuba na yufoniamu kisha unahama chombo hadi chombo. Klarineti ya tatu katika muziki wa bendi mara nyingi haipewi wimbo. Inakaa katikati, inajaza, na katikati hapo ndipo zilipo zile noti za vidole vichache, kandokando ya mshono: nyepesi, za puani, na kila klarineti inazitoa juu kidogo kwa kiasi chake.

Kondakta alizisikia. Akasimamisha bendi, akawaomba wawili tu, mpwa wangu na binti wa shule nyingine anayeshiriki naye stendi, washike A. Sauti mbili za karibu zisizolingana hugongana, unasikia mawimbi, wa-wa-wa. Wakashika. Mawimbi yalikuwa ya haraka. Binti akavuta kidogo kiungo cha juu cha klarineti yake, mawimbi yakapungua mwendo, hayakwisha. Ndipo mpwa wangu akashusha vidole vya kulia, kama alivyofanya nyumbani kwa ajili ya kuvuka, isipokuwa sasa hakuwa anavuka kwenda popote. Sauti ikashuka kwa unywele na kunenepa. Binti akamtazama mkono, akajaribu vidole vitatu, akaona imezidi, akabakiza viwili. Mawimbi yakarefuka, yakarefuka, yakaisha.

"Andikeni," kondakta akasema. Wakaandika kwa penseli juu ya noti, kila mmoja vidole vyake, kwa sababu klarineti mbili hazifanani hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Kisha akawahamishia maneno wapiga ngoma, ambao walikuwa wanacheka.