Umaizi wa Papo kwa Papo katika Maamuzi ya Wabobezi: Uhakiki wa Hoja ya Kahneman na Klein kwa Kurejelea Kilosa na Mikumi

Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, waliotoka katika kambi mbili zinazokinzana, walichapisha makala ya pamoja kuhusu umaizi wa wabobezi. Wanadai kwamba umaizi huaminika pale tu mazingira yanapokuwa na utaratibu unaotabirika, na mhusika awe amepata muda na mrejesho wa kutosha kuujifunza utaratibu huo.

Kwa Mikumi hoja hii inasimama. Katika uwanda wa Mkata, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, askari wa uhifadhi aliyebobea hutambua upya wa unyayo wa simba kabla hajaweza kutaja sababu: umande, kingo zilizoporomoka, nyasi zilizolala. Akiufuata, asubuhi hiyohiyo atajua kama alikisia sawa. Kosa lake husahihishwa likiwa bado bichi.

Kilosa hali ni tofauti. Mto Mkondoa huleta maji ya mvua zilizonyesha mbali, upande wa Mpwapwa na Dodoma. Anga la mjini laweza kuwa jeupe na mto ukafurika. Isitoshe, mchanga unaotuama hupunguza kina cha mto, hivyo alama ya hatari aliyoizoea mzee tangu ujana wake haimaanishi tena kilekile, ilhali imani yake kwa alama hiyo haijapungua. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi.

Udhaifu mkubwa wa makala hiyo, hata hivyo, ni kuuhesabu uzoefu kama mali ya mtu mmoja. Mafuriko makubwa ni machache mno kumfunza mtu katika umri wake mmoja. Kinachoitwa umaizi wa mzee kwa sehemu ni masimulizi aliyorithi, nayo masimulizi huhifadhi usiku ambao mto ulikuja, si ule ambao watu walihama bure. Mrejesho huo umechujwa kabla ya kumfikia. Mkazi wa kando ya Mkondoa anayeamua usiku wa manane ama kuwaamsha watoto ama kuwaacha walale, si nahodha wa zimamoto wala mtabiri wa bei za hisa, na mizani ya waandishi hawa haimpimi.