Kinyota Kifunguliwe na Nani? Namna ya Kuitambua Skripti Bora

Mnunuzi mzoefu wa mahindi Kitale haangalii ushonaji wa gunia. Hutaka kuziona punje zenyewe. Skripti nayo ipimwe hivyo: ipe faili zenye shida uone itakavyozishughulikia.

Kwanza, jua kinyota (*) hufunguliwa na nani. Katika Linux, ukiandika `ls *.csv`, sheli, yaani programu inayopokea amri zako, ndiyo inayosoma folda na kuikabidhi programu majina kamili: endebess.csv, kiminini.csv, kwanza.csv. Programu yenyewe haikioni kinyota. Katika Unix ya mwanzo, kazi hiyo ilikuwa ya programu ndogo iliyoitwa glob. Sheli ya Stephen Bourne ya mwaka 1979 ikaifanya yenyewe. MS-DOS ilishika njia nyingine: kila programu ijifungulie, na cmd ya Windows bado iko hivyo.

Windows ina faida zake. `ren *.txt *.bak` hubadilisha majina yote kwa mkupuo, na `del *.*` huuliza kabla ya kufuta. Hata hivyo nasimama na sheli. Kijana wa Bungoma anayeunda programu ndogo hapati kazi ya kuandika upya kanuni za kinyota, na mtumiaji hujifunza kanuni moja inayofaa kwa programu zote.

Sasa pima.

Jina lenye nafasi. Weka faili “Mlima Elgon.csv”. Fundi makini huandika kigeu kinachobeba jina la faili, `"$f"`, ndani ya alama za kunukuu. Mzembe huziacha, na jina hukatika vipande viwili.

Jina linaloanza na kistari. Faili iitwayo `-rf` inaweza kugeuka agizo ikifika kwa `rm`, amri ya kufuta. Kazi safi huandika `./*`.

Folda tupu. Bash isipopata faili inayolingana, huacha `*.csv` ipite ilivyo, na skripti ikaanza kutafuta faili yenye jina hilo. Iliyo bora huwasha `nullglob`, au huhakikisha faili ipo kabla ya kuigusa.

Utafutaji wa ndani. `find` hulinganisha majina yenyewe ikipita folda baada ya folda, kwa hiyo kinyota ni chake. Tazama kama mwandishi amekikinga: `find . -name '*.csv'`. Hapa ndipo umahiri hujulikana, kwani ameelewa ni lini sheli inapaswa kukaa kando.

Skripti inayoshindwa hata na jaribio moja usiikabidhi rekodi za mavuno za mkulima yeyote. Irudishe kwa aliyeiandika, umwonyeshe faili iliyoikwamisha.