Hongereni, CAMP Rehoboth

Rehoboth Beach, katika jimbo la Delaware, Marekani, ni mji mdogo wa pwani. Wakazi wake wa kudumu ni kama 1,100 tu, ila majira ya joto hufurika wageni. Wapenzi wa jinsia moja wamekuwa wakienda huko kwa miongo mingi, na si kila mwenyeji aliwapokea vizuri. Kuna wakati magari yalibandikwa vibandiko vya kutaka mji ubaki wa kifamilia, na walengwa walijijua.

Mwaka 1991 Steve Elkins na mwenzi wake, msanii Murray Archibald, wakaanzisha CAMP Rehoboth, shirika la kuwahudumia wapenzi wa jinsia moja mjini humo. Wangeweza kujifungia na watu wao. Badala yake wakawaendea polisi, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mji huo huajiri askari vijana wa msimu. Elkins aliketi nao, akawaeleza ni watu gani watakaokutana nao mitaani na jinsi ya kuwahudumia kwa heshima. Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi, lakini inazuia mtu asipigwe. Elkins alifariki mwaka 2018, na jumuiya aliyoijenga ingali hai.

Kituo chao cha Baltimore Avenue kimekuwa kimbilio la kupima VVU, la wazee wanaotafuta wenzao, hata la wapenda kwaya. Jarida lao limejaa matangazo ya biashara za mjini: mikahawa, mawakala wa nyumba, maduka. Wenyeji wanalipa ili majina yao yaonekane humo.